Kobe wanne wa Changuu: historia ya kusoma kabla hujafuga au kuuza mtoto wa kobe



Mvua zikianza, vitoto vya kobe hutoka ardhini, na maswali huanza. Watoto wanaokota kobe anayetosha kiganjani wakati wa palizi, mzazi anauliza, "Huyu anakula nini?" Mwingine amefuatwa na mnunuzi kutoka mjini, anauliza, "Niuze kwa bei gani?" Maswali yote mawili yana majibu kwenye historia, kwa hiyo naomba uisome hadi mwisho.

Kobe kama nyama ya melini

Zamani visiwa vya Mauritius, Réunion na Rodrigues vilikuwa na kobe wakubwa wa asili. Mabaharia wa karne ya 17 na 18 waliwapakia melini wakiwa hai. Kobe anaweza kukaa miezi bila kula wala kunywa, kwa hiyo ilikuwa nyama isiyooza. Meli hizo hizo zilileta panya, nguruwe na paka, ambao walimaliza mayai na vitoto. Kobe wote wa asili wa visiwa hivyo vitatu wakatoweka kabisa.

Walibaki wale wa Aldabra, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Shelisheli. Mwaka 1874 wanasayansi kadhaa, akiwemo Charles Darwin, walimwandikia gavana wa Mauritius wakiomba kobe hao walindwe. Mwaka 1982 UNESCO ikaitambua Aldabra kuwa urithi wa dunia. Kobe waliopo kule sasa wanakadiriwa kufika 100,000.

Wanne wakawa 200

Sasa tuje kwetu. Changuu ni kisiwa kidogo karibu na Mji Mkongwe, Zanzibar. Jela ilijengwa hapo miaka ya 1890, lakini kazi kubwa ya kisiwa ikawa kuwaweka karantini wasafiri waliohofiwa kuwa na magonjwa. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli alituma zawadi ya kobe wanne kutoka Aldabra, wakawekwa Changuu.

Hakuna aliyewajengea banda la gharama wala kuwanunulia chakula. Kisiwa kilikuwa na majani, jua, kivuli na udongo wa kutagia. Hakikuwa na watu wengi. Kobe walizaliana taratibu, na ilipofika mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Weka akilini hesabu hii: wanne hadi 200 kwa miaka 36. Kwa kuku ungefika huko ndani ya miaka michache. Kwa kobe ni kazi ya kizazi kizima, kwa sababu kobe wa Aldabra huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kuanza kuzaa.

Kutoka 200 hadi 7

Kisha watu wakagundua kwamba kobe ni fedha. Wengine waliibwa wakaliwa, wengine wakauzwa nje kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Mwaka 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50. Mwaka 1996 walihesabiwa saba tu.

Angalia tofauti hiyo vizuri. Kuwafikisha 200 kulichukua miaka 36. Kushuka kutoka 100 hadi saba kulichukua miaka minane.

Mwaka huo huo wa 1996 vilipelekwa kisiwani vitoto 80 ili kuongeza idadi. Vitoto 40 vikatoweka. Kobe mkubwa ana uzito wa magunia, kumbeba kunahitaji watu kadhaa na chombo. Kitoto kinaingia kwenye mfuko wa koti. Ndiyo maana katika biashara hii mdogo ndiye anayetafutwa zaidi, na ndiye anayepotea bila mtu kuona.

Kilichowaokoa ni uzio na ulinzi. Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama, WSPA, ilijenga eneo kubwa lililofungwa. Mwaka 2000 walihesabiwa wakubwa 17, wa makamo 50 na vitoto 90. Leo wageni huvuka kwa mashua kwenda kuwaona, na wenye mashua, waongozaji na wauza vinywaji wanapata riziki. Kobe yule yule aliyeuzwa mara moja angeweza kuingiza kipato kwa zaidi ya miaka mia.

Bara nako yalitukuta

Usidhani hiyo ni habari ya kisiwani tu. Kwenye vilima vya mawe vya Tanzania na Kenya, na kidogo kaskazini mwa Zambia, yupo kobe mdogo mwenye gamba bapa na laini, ambaye wageni walimfananisha na chapati. Urefu wake ni kama sentimita 18. Akiona hatari hajifichi ndani ya gamba na kungoja. Hukimbia na kujipenyeza kwenye ufa wa jiwe.

Ajabu yake hiyo ndiyo iliyomponza. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimtaka sana. Kenya ilizuia kumsafirisha nje mwaka 1981, na wanunuzi wakahamishia nguvu Tanzania. Wakusanyaji walikwenda kilima hadi kilima. Wengine walibomoa mawe ili kumtoa, kwa hiyo hata nyumba ya kobe atakayekuja baadaye iliharibika.

Kobe huyu kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Ukimtoa jike kwenye kilima si sawa na kuuza jogoo wa ziada. Ni sawa na kula mbegu uliyotunza kwa ajili ya msimu ujao. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini, CITES, ulimpandisha kwenye orodha ya juu, ambapo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini hairuhusiwi. Tanzania yenyewe ilikuwa imesimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016.

Basi ufanye nini?

Kwanza, ukimkuta kobe shambani, mwache. Hali mahindi yako kwa kiasi cha kukutia hasara, na anakula magugu mengi. Kama trekta inapita au unataka kuchoma majani, msogeze pembeni upande aliokuwa akielekea. Mbebe kwa utulivu, karibu na ardhi. Kobe aliyeshtuka hukojoa maji yote aliyohifadhi mwilini, na wakati wa kiangazi hilo linaweza kumuua.

Pili, usinunue wala kuuza. Tanzania Bara, kobe ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kummiliki bila kibali ni kosa, hata kama ameingia mwenyewe uani kwako. Mnunuzi wa mjini akikupa fedha na kuondoka, anayebaki na kesi ni wewe uliyemkamata. Ukiwa na nia ya kweli ya kufuga, anza na ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, ulizia huko.

Tatu, kwa mwenye kibali na kitoto halali, mambo ya msingi ni haya:

- Uzio. Kunguru, mbwa, panya na siafu humaliza kitoto haraka. Juu weka wavu, chini zamisha ukuta ili asichimbe na kutoka.
- Jua na kivuli. Bila jua la asubuhi gamba halikomai vizuri. Bila kivuli cha mchana atakufa kwa joto. Kumfungia ndani ya boksi sebuleni ni kumuua polepole.
- Chakula. Majani ya aina mbalimbali na magugu laini yasiyopigwa dawa ndiyo mlo wake. Ugali, wali, mkate, maharage na nyama si chakula chake. Vinaharibu tumbo na kulifanya gamba likue vibaya. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanampa madini ya kalisi.
- Maji. Weka kwenye sahani ya kina kifupi anayoweza kuingia na kutoka mwenyewe.
- Gamba. Usilitoboe ili kumfunga kamba. Gamba ni mfupa hai, lina damu na lina maumivu.
- Mikono. Nawa kwa sabuni kila unapomshika. Kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mzima. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe na kasa wadogo wenye gamba chini ya inchi 4 kwa sababu watoto walikuwa wakiugua.

Nne, fikiria urithi. Kobe mdogo unayemfuga leo anaweza kuishi kuliko wewe. Jiulize nani atamtunza ukiwa mzee, na mwandike mtu huyo kama unavyoandika mrithi wa shamba.

Kama kijijini kwako kuna kilima cha mawe chenye kobe, lipeleke suala hilo kwenye mkutano wa kijiji kabla mnunuzi hajafika. Sheria ndogo ya kuzuia kubomoa mawe na kuwakamata kobe haina gharama kubwa. Changuu walijenga uzio walipobaki na kobe saba. Ninyi mnaweza kuanza mapema zaidi.