Mafunzo ya Nyanjani: Historia Iliyoota Kando ya Barabara ya Thika

Ua la mbuni halidumu. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, linachanua, na siku chache baadaye limekwisha nyauka. Ndiyo maana katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, kilomita chache kutoka mtaa wa Membley, kazi ya kutengeneza mbegu ya Ruiru 11 haimngojei mtu. Mfanyakazi hulifungua ua kabla halijachanua, akaondoa sehemu za kiume, kisha akalipaka chavua ya mbuni mwingine kwa mkono. Ua moja baada ya jingine, tawi baada ya tawi. Mwanafunzi wa kilimo hawezi kuisoma kazi hiyo darasani akaiweza; sharti asimame mbunini.

Kahawa hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985. Watafiti walikuwa wamehangaika miaka mingi kupata mbuni unaostahimili kutu ya majani pamoja na chulebuni, ugonjwa uliogunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922 na uliowatia wakulima hasara kubwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwaka huohuo wa 1985, Chuo cha Kenyatta kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kilianzia kambini. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi serikali ya Kenya kambi ya kijeshi ya Templer katika eneo liitwalo Kahawa, na palipolala askari wakaja kulala walimu wa kesho. Kila aliyesomea ualimu alijua kwamba hatafuzu bila kwenda kusimama mbele ya watoto katika shule halisi, mhadhiri wake akiwa ameketi nyuma ya darasa akiandika alama. Mazoezi ya kufundisha yalikuwa sehemu ya masomo tangu mwanzo, nayo bado yapo.

Upande wa pili, Juja, chuo cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipokea wanafunzi wa kwanza Mei 1981 kwa msaada wa Japani. Wajapani walileta walimu na vifaa vya karakana, na stashahada za wakati ule zililenga watu wa kushika vyombo. Chuo kilipanda kuwa chuo kikuu mwaka 1994. Thika nako viwanda vilikuwa tayari: mananasi yalisindikwa makoponi na malori yaliunganishwa katika kiwanda kilichoanza kwa jina la Leyland. Kwa hiyo kabla mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru hayajaanza kugeuzwa mitaa ya nyumba kama Membley, chuo, kituo cha utafiti na kiwanda vilikuwa vimekwisha pangana kwenye barabara moja. Sijui eneo jingine la Kenya, nje ya Nairobi yenyewe, lililobahatika hivyo.

Lakini nani aligharimia mafunzo haya? Hapo ndipo historia inaponiuma.

Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959, nchi ingali koloni. Mwaka 1971 ilirekebishwa ili waajiri watozwe fedha za kufundishia wafanyakazi. Wazo lilikuwa la haki: kiwanda kinafaidika na fundi, basi kiwanda kichangie kumfundisha. Tozo hiyo ingalipo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na tangu mwaka 2011 inasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo pia huwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kazini.

Kilichobadilika ni hesabu ya wanafunzi. Vyuo vikuu viliongezeka, vya umma na vya kibinafsi, Thika ikapata Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichopewa hati yake mwaka 2011, lakini viwanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Leo mwanafunzi huzunguka na barua ya chuo, bahasha baada ya bahasha, akiomba nafasi ya miezi mitatu isiyo na malipo. Akiipata, hulipa bima, nauli na chakula mwenyewe, na kodi ya chumba Membley haisimami kwa sababu yuko kazini. Mtoto wa mkulima mdogo hushindwa hapo, wala si kwa upungufu wa akili.

Serikali imekiri kwamba kazi ya mwanagenzi ina thamani. Mpango mkubwa wa Tume ya Utumishi wa Umma ulioanza mwaka 2019 uliwalipa wahitimu shilingi 25,000 kwa mwezi. Hata hivyo, mwaka 2024 malipo ya madaktari wanagenzi yalikuwa kiini cha mgomo wa siku 56. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000, ilhali mkataba wa mwaka 2017 ulitaja zaidi ya 200,000. Wagonjwa waliumia. Nawaunga mkono wale madaktari vijana, kwa kuwa anayekesha wodini anafanya kazi, hata kama angali anajifunza.

Hospitali ya mafunzo na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa Oktoba 2019, iko karibu na Membley. Juja kuna taasisi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Pan African, inayopokea watafiti chipukizi kutoka nchi nyingi za bara hili. Kwa hiyo, mwanafunzi, usingoje mwaka wa mwisho. Mwulize mhadhiri wako anatafiti nini na uombe kumsaidia, hata kwa kukusanya sampuli. Jiunge na chama cha fani yako chuoni, maana huko ndiko nafasi husikika kwanza. Nanyi wenye viwanda kuanzia Ruiru hadi Thika, mlipeni anayewafanyia kazi angalau nauli na chakula cha mchana. Na wanaosimamia tozo ya mafunzo waitenge sehemu yake imfikie mwanafunzi mwenyewe mkononi, katika miezi ile mitatu.