Upatanisho wa kisarufi: kiima na kitenzi katika Kiingereza

Upatanisho wa kisarufi ni hali ya kitenzi kubeba alama inayolingana na kiima chake. Kwa Kiswahili tunauona kila tunapotamka sentensi: kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, mti umeanguka, miti imeanguka. Kiambishi hutangulia kitenzi, na ni nadra kukosekana, kama penye hu- ya mazoea.

Kiingereza nacho hupatanisha, ila kwa uchache. Ukiacha kitenzi “be”, alama iliyobaki ni s mwishoni mwa kitenzi, tena kwa nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo tu: “she walks”, lakini “I walk” na “they walk”. Wakati uliopita, “walked” hutosha kwa wote. Ni kitenzi “be” pekee kinachogawanyika kuwa “was” na “were”. Visaidizi kama “can” na “must” havibadiliki kabisa. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vingi zaidi, vikapukutika karne baada ya karne.

Kosa hujitokeza sana pale nomino nyingine inapojipenyeza kati ya kiima na kitenzi. Mtu huandika “The basket of mangoes are heavy” kwa sababu maembe ndiyo yaliyo jirani na kitenzi. Mtu huyohuyo, akisimulia kwa Kiswahili, hasemi “kikapu cha maembe yameanguka” akikusudia kikapu. Sikio lake hudaka neno kuu, akasema kimeanguka. Sikio hilohilo limwongoze kwenye “The basket of mangoes is heavy”. Ndivyo ilivyo pia kwa “Each of the boys has a pen”: kinachotawala ni kila mmoja, wala si wavulana.

Mtego wa pili ni idadi, maana lugha hizi mbili hazihesabu vitu kwa namna moja. Maji yamemwagika, nywele zimekatwa, habari zimefika. Lakini “water”, “hair” na “news” hutaka “is”, hata kama “news” imeishia na s. Kinyume chake, suruali imechanika na mkasi umepotea, ilhali Kiingereza husema “the trousers are torn” na “the scissors are lost”. Hapo sikio la Kiswahili hupotosha, na maneno ya aina hii hayana budi kukaririwa.

Basi anza kwa kutafuta neno kuu la kiima, kisha jiulize kama Kiingereza chenyewe hulihesabu kuwa umoja au wingi.