Au Pair Ujerumani: Siku Yako Itakaa Aje, Doo ni Ngapi na Kazi Inaisha Wapi

Umeziona hizo video. Dem wa Kayole amesimama kwa theluji na koti kubwa, mtoi mzungu amemshika mkono, nyuma kuna nyumba ya paa jekundu, muziki unacheza. Video haidanganyi, ni vile tu ni ya sekunde thelathini. Masaa mengine ya hiyo siku hayaonekani, na hayo ndiyo wewe utaishi. Kwa hivyo kama uko kwa harakati za kwenda Ujerumani kama au pair, ama siz yako ameanza darasa ya Kijerumani na huko kejani hakuna anayeelewa vizuri anaenda kufanya nini, keti hapa kidogo.

Au pair ni nani hasa?

Jina ni la Kifaransa na maana yake ni kitu kama "kwa usawa". Mwaka 1969, Baraza la Ulaya lilitengeneza mkataba kule Strasbourg kuhusu hii mambo: kijana anatoka nchi nyingine, anaishi na familia kama mmoja wao, anasaidia na watoto na kazi ndogo ndogo za nyumba, na badala yake anapata kitanda, chakula, pesa kidogo ya mfuko na nafasi ya kujifunza lugha.

Sasa shika hapa vizuri. Kwa macho ya sheria ya Ujerumani wewe si mfanyakazi wa nyumbani. Hiyo inakata pande zote mbili. Upande mmoja, hulipwi mshahara, na ile sheria yao ya mshahara wa chini kabisa haikugusi. Upande wa pili, familia haiwezi kukutumia vile watu wengi hapa Nairobi wanatumia anti wa nyumba, yule wa kuamka kwanza na kulala mwisho. Karibu ngori zote ambazo au pair hupata zinatoka hapo katikati, pale mtu anaambiwa "wewe ni wa familia" wakati kuna kazi, halafu anakuwa mgeni wakati kuna raha.

Masharti bila kuzunguka: uwe umefika miaka 18 na hujafika 27 siku unaomba viza. Uwe na Kijerumani cha kiwango cha A1, na ubalozini wanaweza kukuongelesha papo hapo, so cheti cha kukariri hakitakusaidia. Familia iwe na mtoto wa chini ya miaka 18 na iwe inaongea Kijerumani nyumbani. Unakaa kati ya miezi 6 na 12, na nafasi ni moja tu maishani, hakuna kurudia. Na kama una anti ameolewa Hamburg na amekwambia "kuja tu unilelee watoto nikutengenezee karatasi", pole. Au pair hafai kuwa jamaa wa familia inayompokea. Huo mpango umeangusha wengi.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko jikoni. Watoi wanakula mkate na jemu, ama nafaka na maziwa baridi, wewe unakata karoti na matango ya kuweka kwa vikopo vya shule. Halafu ni kuwavalisha, na kama ni Novemba hiyo ni kazi ya nusu saa: soksi, suruali, suruali nyingine ya mpira juu yake, buti, kofia, glavu. Ukimaliza, mdogo anasema anataka kukojoa.

Hiyo suruali ya mpira ina maana yake. Kwa chekechea, huko wanaiita Kita, watoto wanatolewa nje hata kama mvua inanyesha. Wanaruka kwa matope na mwalimu anaangalia tu. Usishtuke na usikimbie kumtoa. Wajerumani wanaamini hewa baridi ni dawa, ndio maana pia watafungua madirisha yote asubuhi ya Januari wakati wewe unatetemeka na kikombe cha chai.

Katikati ya siku mara nyingi ni zako: darasa ya lugha, kupiga pasi nguo za watoto, kulala. Mchana unaenda kuwachukua, mnapitia uwanja wa michezo, mnarudi. Jioni unangojea chakula. Chakula kinakuja: mkate. Tena. Mkate, jibini, nyama baridi, labda tango. Familia nyingi hupika mchana na jioni wanakula vitu baridi, na hakuna mtu amekukasirikia. Beba unga wako, uliza kama unaweza kusonga ugali mara moja kwa wiki. Watoi huwa wanaupenda sana ukiwaruhusu kula na mikono.

Mambo ya kulala ni hesabu ya msimu. Desemba, Berlin giza linaingia kabla ya saa kumi jioni na mwili wako unafikiri umechelewa mahali. Juni jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, na wewe unajaribu kumshawishi mtoto wa miaka minne kwamba saa moja na nusu ni usiku wakati dirishani kumeangaza kama saa nane mchana. Hapo katikati kuna siku poa: tarehe 11 Novemba watoto wanatembea gizani na taa za karatasi wakiimba, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba wanaacha buti mlangoni ili zijazwe peremende.

Kitu kingine ni majina. Mama wa nyumba, miaka 45, atakwambia umwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi utakataa. Umelelewa na "Mama Brayo" na "Mama Shiko", sasa unaambiwa umwite mtu mzima Sabine. Mwite tu. Lakini ukienda ofisi ya serikali ama ukiongea na jirani mzee, tumia ile "wewe" yao ya heshima. Ni "wewe" mbili, na kuzichanganya kunaonekana haraka.

Na hii isome mara mbili: mtoto hapigwi. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inasema wazi mtoto ana haki ya kulelewa bila kupigwa. Hata kofi dogo, hata kuvuta sikio. Mtoi anaweza kukutemea mate na unachofanya ni kuongea. Kama unajijua una mkono mwepesi, hii si safari yako.

Mpaka wa kazi

Masaa ni 6 kwa siku, yasipite 30 kwa wiki. Kukaa na watoto jioni wakati wazazi wametoka ni kazi na inahesabiwa. Unafaa kupata siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, jioni nne ziwe zako, na angalau Jumapili moja kwa mwezi. Likizo ni siku 2 kwa kila mwezi uliomaliza, na inalipwa. Chumba kiwe chako peke yako, na dirisha, kisiwe chini ya mita 8 za mraba. Kulala na mtoto si "kuokoa nafasi".

Kazi yenyewe ni watoto na usafi mwepesi. Kumuogesha nyanya mgonjwa, kuosha nyumba nzima kila wiki, kulima bustani, hizo si zako.

Shida ni kwamba mpaka hauvunjwi siku moja. Unasogezwa. Leo ni dakika ishirini, kesho ni "tunachelewa kidogo," wiki ya tano unahesabu masaa 45. Na wewe umelelewa kutomkatalia mtu mzima, so unanyamaza, unaenda kulia chooni. Afadhali daftari. Andika ulianza saa ngapi na ukamaliza saa ngapi, kila siku, kuanzia wiki ya kwanza. Mwisho wa wiki keti na wazazi uwaonyeshe ukiwa mtulivu. Mjerumani hachukulii hiyo kama kiburi, wengi wao watashangaa kwa nini ulingoja. Wakikataa kubadilika, mkataba wa kawaida unaweza kuvunjwa kwa notisi ya wiki mbili na unaweza kutafuta familia nyingine kwa miezi iliyobaki, bora ofisi ya wageni ijue. Paspoti yako inakaa na wewe, si kwa droo ya mtu. Ukiwa kwa hatari, polisi ni 110, na ambulensi ama moto ni 112.

Doo

Pesa ya mfuko ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 kwa darasa ya lugha. Bima ni juu yao. Nauli ya ndege kawaida ni juu yako. Hiyo 280 ni kama 40,000 za kwetu, na hapo ndipo msiba huanza, kwa sababu nyumbani wamesikia "euro". Buti za baridi, simu, nauli na chai na marafiki zinakula nusu bila wewe kuona. Ongea na mathee kabla hujapanda ndege. Mwambie nambari yenyewe, usimwambie "tutaona", kwa sababu yeye anasikia "ndiyo".

Mambo ya maajenti pia. Ajenti wa Ujerumani kisheria hawezi kumtoza au pair zaidi ya euro 150. Viza yenyewe ada yake ni euro 75. Sasa weka hizo nambari kando ya yule msee wa River Road anayetaka laki tatu na hataki kukuonyesha kama amesajiliwa na National Employment Authority. Familia nyingi hupatikana kwa mtandao bila mtu wa kati, na video ya kuongea nao mara mbili tatu inakuonyesha mengi. Uliza kama walikuwa na au pair mwingine, na uombe kuongea na yeye. Familia safi haina shida na hiyo.

Vitu vidogo vya kukuaibisha

Ukihamia, una wiki mbili za kujiandikisha kwa ofisi ya mji. Jumapili maduka yamefungwa na hakuna kelele, hata kutoboa ukuta. Takataka zina ndoo tofauti za karatasi, vifungashio, maganda na zingine, na jirani atachungulia. Chupa ya plastiki usitupe, ukiirudisha kwa mashine ya supamaketi unapata senti 25. Kwa treni hakuna makanga wala geti, ndio mtu anafikiri ni bure. Halafu mtu wa nguo za kawaida anatoa kitambulisho, na ni euro 60.

Baada ya mwaka

Wakenya wengi wanaitumia hii kama daraja, kuingia Ausbildung ya uuguzi ama hoteli, ama mwaka wa kujitolea. Inawezekana, lakini Ausbildung huwa inataka B1 ama B2, na wewe ulifika na A1. Nyingi zinaanza Agosti na Septemba, na waajiri wanachukua watu miezi mingi kabla. Ukitua Oktoba, inafaa uwe umefika B1 kufikia Machi na barua za maombi zimeshatoka. Ukitua Mei, piga hesabu ya mwaka unaofuata, kwa sababu ya mwaka huo imekupita.