Kutoka Sarkār hadi Serikali ya Kijiji: Historia ya Neno Moja na Maana Zake Ruangwa

Baadhi ya wazungumzaji wa Kiswahili hulichambua neno serikali kuwa ni muungano wa siri na kali. Kietimolojia, uchambuzi huo hauna mashiko. Chimbuko la neno ni Kiajemi sarkār, lililoundwa kwa sar, ‘kichwa’, na kār, ‘kazi’. Yaani msimamizi mkuu wa shughuli.

Katika Bara Hindi, chini ya dola ya Mughal, sarkār lilitaja pia eneo la utawala ndani ya jimbo. Kibangla kililipokea kwa maana ya serikali, ya karani, na hata ya jina la ukoo, kama lile la mwanahistoria Jadunath Sarkar. Kiswahili, kilichokutana na Waajemi na Wahindi katika biashara ya Bahari ya Hindi, kilishikilia maana ya mamlaka ya dola. Kifonolojia, umbo serkali la maandishi ya zamani linaonyesha /r/ ya mwisho ikiwa imegeuka /l/ na kuongezewa irabu. Baadaye irabu /i/ ilitenganisha konsonanti /rk/.

Katika bara la Lindi, ziliko leo Nachingwea na Ruangwa, serikali kwa muda mrefu ilikuwa kitu kinachotoka pwani au ng’ambo. Chini ya Wajerumani ilijulikana kwa kodi na kazi za shuruti, hadi Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Chini ya Waingereza ilikuja na mradi wa karanga wa Nachingwea, uliopangwa London na kushindwa.

Mabadiliko ya maana yalikuja baada ya uhuru. Sheria ya vijiji ya 1975, kisha ile ya serikali za mitaa ya 1982, zilikipa kijiji halmashauri yake, ambayo wananchi huiita serikali ya kijiji. Mwaka 1995 Ruangwa yenyewe ikamegwa kutoka Nachingwea na kuwa wilaya.

Hata hivyo, “siri kali” haijafutika, kwa kuwa si kosa la lugha tu bali ni hukumu ya kihistoria. Kamusi haiwezi kuitengua. Kinachoweza kuitengua ni mkutano mkuu wa kijiji unaosomewa mapato na matumizi hadharani. Hapo ndipo neno hurejea kwenye asili yake: msimamizi wa kazi, anayeulizwa kazi imefikia wapi.