Mali ya Abdulla: Nyumba ya leso iliyodumu Mombasa tangu 1887

MIAKA miwili kabla ya Jeanne Lanvin kuanzisha biashara yake ya kofia jijini Paris mnamo 1889, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alikuwa amekwisha kufungua biashara ya vitambaa kisiwani Mombasa. Lanvin huhesabiwa miongoni mwa nyumba kongwe za mitindo za Ufaransa ambazo zingali hai. Nyumba ya Essak, iliyoasisiwa 1887, nayo ingali ikiuza leso katika Biashara Street, kando ya Mji wa Kale.

Essak alifahamika zaidi kwa jina la Abdulla. Ili kuzitofautisha bidhaa zake na za washindani, alizitia alama ya K.H.E. pamoja na maneno 'Mali ya Abdulla'. Aghalabu mnunuzi wa Pwani huitafuta alama hiyo pembeni mwa kitambaa kabla ya kuuliza bei.

Hata hivyo, vazi lenyewe halikubuniwa dukani. Neno leso lina asili ya Kireno, na awali lilimaanisha kitambaa kidogo cha mkononi. Yasemekana kwamba katikati ya karne ya 19, wanawake wa Pwani walianza kununua leso sita zilizochapishwa katika jora moja, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona inapendwa, waliagiza nguo iliyochapishwa nzima. Tanzania huitwa khanga.

Leso kamili ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Jina lilianza kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa hati ya Kirumi. Husimuliwa kuwa Abdulla ndiye aliyeianzisha desturi hiyo.

Hapa ndipo nyumba hizi mbili zinapoachana. Paris humtangaza msanii wake. Alber Elbaz aliiongoza Lanvin kisanaa kuanzia 2001 hadi 2015, na Peter Copping alipoteuliwa 2024, magazeti ya dunia yaliandika. Mombasa, jina linalosomeka kwenye kitambaa ni la mwenye mali. Aliyechora pindo hatajwi, wala aliyetunga au kupendekeza maneno.

Ilhali uongozi wa ubunifu umo mikononi mwa wanunuzi. Mwanamke huinunua leso kwa ajili ya harusi, uzazi au matanga, na huchagua jina kwa kumlenga mtu: mama, mume, shoga, hata hasimu. Methali kama 'Wema hauozi' humtosha mmoja. Mwingine hutaka fumbo kali zaidi. Leso yenye jina lisilogusa moyo huweza kukaa rafuni hata rangi zake zikiwa za kupendeza.

Suala la umiliki si dogo. Mnamo 2007 ombi la kampuni moja ya Uingereza la kusajili neno 'kikoy' kuwa alama yake ya biashara lilipingwa kwa niaba ya watengenezaji wa Kenya, na halikufaulu. Mwaka wa 2016, Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Fauka ya hayo, viwanda vya nguo nchini vilidhoofika baada ya soko kufunguliwa katika miaka ya 1990, na leso nyingi zinazouzwa Mombasa huchapishwa ng'ambo, hususan India.

Alama ya Abdulla imemlinda mfanyabiashara kwa zaidi ya karne moja. Maneno ya leso, ambayo ni fasihi ya wanawake wa Pwani, hayana alama ya namna hiyo. Wakati watungaji wake wangali hai, majina yao yangefaa kuandikwa.