Tarehe ya Wapiga Hesabu wa Nyota Mkia

Wapiga hesabu wa nyota mkia ni ukoo unaorithishana madaftari. Mkubwa wao ni Edmond Halley wa Uingereza, ambaye mwaka 1705 alichapisha jedwali la nyota mkia 24, kuanzia ile ya 1337 hadi ile ya 1698, kila moja na njia yake kulizunguka Jua. Kanuni alizipata kwa Isaac Newton. Vipimo vingi vilitoka kwa watu waliokwisha kufa. Katika jedwali lile mistari mitatu ilifanana kama watoto wa tumbo moja: nyota ya 1531 aliyoipima Peter Apian huko Ujerumani, ya 1607 aliyoiona Johannes Kepler, na ya 1682 aliyoitazama Halley mwenyewe akiwa kijana wa miaka 25. Zote zilikwenda kinyume na mwendo wa sayari, juu ya mlalo ule ule. Halley akasema ni nyota moja, na itarudi mwishoni mwa 1758. Alijua hatakuwapo. Alifariki mwaka 1742, akiwa amewaomba watakaomfuata wakumbuke tu kwamba aliyelisema jambo hilo kwanza alikuwa Mwingereza.

Palikuwa na jambo moja lililomsumbua. Safari ya kwanza ilichukua miaka 76 na miezi miwili, ya pili haikufika hata miaka 75. Halley alimshuku Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, kwamba huivuta nyota njiani na kuiwahisha au kuichelewesha. Hesabu ya mvuto huo aliwaachia wengine. Tofauti ile ya mwaka na ushei ndiyo mali aliyowarithisha, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko utabiri wenyewe.

Walioipokea walikuwa watu watatu mjini Paris. Alexis Clairaut alitunga kanuni. Kazi ya tarakimu waliifanya Joseph Jérôme de Lalande na Nicole-Reine Lepaute, mke wa fundi saa wa mfalme. Ilibidi waifuate nyota kwa miaka 150 iliyopita, hatua kwa hatua, na kila hatua waulize Mshtarii yuko wapi, Zohali yuko wapi, kila mmoja anavuta kiasi gani na kuelekea wapi. Jibu la hatua moja ndilo mwanzo wa hatua inayofuata, kwa hiyo kosa la asubuhi linaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Lalande alisimulia baadaye kwamba kwa miezi sita walipiga hesabu tangu asubuhi hadi usiku, mara nyingine hata mezani wakati wa chakula, na kwamba kazi ile ilimwachia maradhi.

Novemba 1758 Clairaut akatangaza: Mshtarii atakuwa ameichelewesha siku 518, Zohali siku 100, na nyota itafika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, mwezi mmoja mbele au nyuma. Usiku wa Krismasi, Johann Georg Palitzsch, mkulima wa kijiji cha Prohlis karibu na Dresden, aliiona kwa darubini yake. Ililipita Jua tarehe 13 Machi.

Clairaut alipochapisha kitabu chake hakumtaja Lepaute. Lalande ndiye aliyeandika kwamba bila mama huyo wasingethubutu kuianza kazi ile. Namtaja hapa kwa jina kamili kwa sababu katika ukoo huu jina ndilo ujira pekee ambao wengi waliupata.

Kazi ya kila siku ya ufundi huu ni ya namna nyingine. Mtu ameona nyota ngeni, anataka kujua njia yake. Anapoipima dhidi ya nyota zilizotulia hupata namba mbili tu, ya mashariki-magharibi na ya kaskazini-kusini. Umbali haumo. Namba zinazoitambulisha njia kamili ni sita, hivyo anahitaji usiku tatu, na Dunia yenyewe haikusimama kumngoja kati ya usiku na usiku. Wilhelm Olbers, daktari wa Bremen aliyetibu wagonjwa mchana na kutazama mbingu usiku, alitoa mwaka 1797 njia fupi iliyotumika kwa vizazi.

Tarehe 26 Novemba 1818 Jean-Louis Pons aliona nyota mkia hafifu. Pons aliingia kituo cha falaki cha Marseille kama bawabu, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amegundua 37. Hii aliichukua Johann Franz Encke wa Seeberg, akaona duaradufu ndogo isiyotarajiwa: mzunguko wa miaka 3.3 tu. Akarudi nyuma madaftarini, akaikuta kwa Pierre Méchain mwaka 1786, kwa Caroline Herschel mwaka 1795, na kwa Pons mwenyewe mwaka 1805. Akatabiri itarudi 1822, na kweli Juni 2 mwaka huo Carl Rümker aliiona kutoka Parramatta, Australia. Wenzake waliiita nyota ya Encke. Yeye aliendelea kuiita ya Pons.

Lakini iliwahi. Hata baada ya kuondoa mivuto yote ya sayari, kila mzunguko ulikuwa mfupi kwa takriban saa mbili na nusu. Encke alidhani anga limejaa kitu chepesi kinachoikwamisha, maana nyota ikikwamishwa njia yake husinyaa na hurudi mapema. Halafu ikaja ajabu ya upande wa pili: mwaka 1910 Philip Cowell na Andrew Crommelin wa Greenwich waliipigia hesabu nyota ya Halley kwa uangalifu usio na mfano, nayo ikachelewa siku tatu. Kitu kinachokwamisha hakiwezi kuiwahisha moja na kuichelewesha nyingine.

Jibu lilitoka Marekani mwaka 1950. Fred Whipple alisema kiini cha nyota mkia ni barafu iliyochanganyika na vumbi, na Jua likiipiga hutoa mvuke unaokisukuma kama roketi. Kiini kinajizungusha, na sisi wa pwani tunajua joto kali huja saa nane wala si saa sita. Kwa hiyo msukumo huenda upande. Ukiisukuma nyota mbele, njia hupanuka na kurudi huchelewa, ukiizuia, huwahi.

Donald Yeomans na wenzake waliingiza msukumo huo katika hesabu. Oktoba 16, 1982, darubini ya mita 5 ya Palomar ilielekezwa mahali walipopataja, na nukta ya Halley ilikuwapo, pungufu ya sekunde 10 za pembe kutoka hapo: upana wa sarafu ukiitazama kutoka nusu kilomita. Machi 14, 1986 chombo cha Ulaya, Giotto, kilipita umbali wa kilomita 600 hivi kutoka kiini chake, kikapiga picha mvuke ukifoka kutoka upande wa Jua.

Desemba 2023 nyota hiyo ilifika ncha ya mbali ya njia yake, nje ya Neptuni, ikageuka. Siku iliyoandikiwa kulipita Jua ni 28 Julai 2061.