Kingamwili kama Shahidi: Historia Fupi ya Utafiti wa Uvunjwaji wa Protini

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wa taasisi ya Technion mjini Haifa, Israeli, walishirikiana na Irwin Rose wa Marekani kuchunguza jinsi seli zinavyovunja protini zake. Walitumia kimiminika kilichopatikana kwa kupasua chembe changa nyekundu za damu ya sungura. Humo waligundua protini ndogo inayojibandika kwenye protini nyingine na kuitia alama ya kuvunjwa. Mwaka 1980 protini hiyo ilitambuliwa kuwa ni ubikwitini.

Hata hivyo, swali moja lilibaki: je, yaliyoonekana katika neli ya majaribio hutokea pia ndani ya seli hai? Jibu lilipatikana mwaka 1982 kwa msaada wa kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya ubikwitini. Kwa kuwa kingamwili hunasa molekuli inayoitambua, watafiti waliweza kuzitenga protini zilizotiwa alama ndani ya seli zenyewe. Ikathibitika kwamba seli huondoa protini zenye kasoro kwa njia hiyo.

Mwaka uliofuata, kundi la Hershko lilieleza vimeng'enya vitatu vinavyoshirikiana katika kazi hiyo. Cha tatu, ligasi ya ubikwitini, ndicho huchagua protini ya kuvunjwa. Leo inakadiriwa kuwa binadamu ana zaidi ya ligasi 600.

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2004 iliwaenzi wagunduzi watatu. Kingamwili haikutajiwa tuzo, lakini bila ushahidi wake hoja yao ingebaki ya maabara tu.